Deksa, Prednisoloni na Maumivu ya Viungo: Maswali ya Wasomaji

Tangu tulipogusia maumivu ya goti katika toleo lililopita, barua nyingi zimeuliza jambo lilelile: vile vidonge vidogo vinavyouzwa kwa kuhesabiwa na kumaliza maumivu usiku mmoja. Mara nyingi huwa ni steroidi, yaani prednisoloni au deksamethasoni, ambayo wengi huiita deksa. Tunajibu barua chache hapa. Jambo moja tunalitanguliza kwa ajili ya msomaji asiye na nafasi ya kufika mwisho: kama umemeza dawa hizi kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, usizikatize ghafla. Nenda kituo cha afya ukiwa bado unazo.

Shikamoo daktari. Nina miaka 52, nauza vitenge sokoni. Magoti yaliniuma mpaka nikashindwa kuchuchumaa. Duka la dawa wakanipa vidonge vidogo vyeupe kwenye kibahasha: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Kesho yake nilipanda ngazi bila taabu. Huu ni mwezi wa saba. Nimenenepa, mashavu yamejaa, watu wanasema nimenawiri. Lakini usiku nakojoa sana, na nikichuchumaa siinuki bila kushika kitu. Niviache leo? — Mama wa Bombo

Marahaba, mama. Usiviache leo. Na umefanya vizuri kutaja idadi, maana hesabu ndiyo inayotupa jibu.

Anza kwa kurudi dukani usome kopo. Vidonge hivi huja katika makopo ya 1,000, ndiyo maana wewe hukuona jina. Kwa maelezo yako huenda ni deksamethasoni ya miligramu 0.5 au prednisoloni ya miligramu 5, na tofauti yake si ndogo: miligramu 0.75 za deksa zina nguvu ya miligramu 5 za prednisoloni. Kama ni deksa, vidonge sita kwa siku ni miligramu 3, sawa na miligramu 20 za prednisoloni. Kama ni prednisoloni yenyewe, ni miligramu 30. Mwili wenye afya hutengeneza homoni yake ya aina hii, kotisoli, kwa kiasi kinacholingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni kwa siku. Umeishi miezi saba na mara nne hadi sita ya kiasi hicho.

Nafuu ya usiku mmoja ilitoka wapi? Steroidi huzima uvimbe na joto ndani ya kiungo bila kujali chanzo chake. Goti la mtu wa umri wako mara nyingi huuma kwa sababu gegedu inayofunika ncha za mifupa imechakaa, na dawa hii hairudishi gegedu. Jambo hili si geni. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimchoma kotisoni, ambayo nayo ni steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa karibu hawezi kutembea, na baada ya siku chache akatembea. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini wagonjwa walioendelea na dozi kubwa walivimba uso na wengine wakavurugika akili, na dawa ilipokatwa maumivu yakarudi. Yanayokupata wewe yamejulikana kwa zaidi ya miaka 70, na aliyekuuzia alipaswa kukuambia.

Kunawiri huko, mama, si afya. Mafuta yanahamia usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huku misuli ya mapaja na mabega ikipungua. Ndiyo sababu huinuki ukichuchumaa: safari hii si goti, ni paja. Kukojoa usiku kunatutia hofu ya sukari, na kipimo chake kina mtego. Steroidi hupandisha sukari zaidi mchana na jioni, kwa hiyo ukipimwa alfajiri kabla ya kula unaweza kuambiwa uko sawa. Omba upimwe pia mchana, saa mbili nzima zikiwa zimepita tangu ule. Ikifika milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, pamoja na dalili ulizotaja, hicho ni kisukari na kinaanza kutibiwa mara moja. Upimwe presha vilevile, na macho, kwa kuwa dawa hizi huleta mtoto wa jicho na huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho bila maumivu yoyote. Mifupa hupungua kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, hivyo ukipata maumivu makali ya ghafla mgongoni, hata kwa kuinua tu jerikeni, upigwe picha ya mgongo.

Swali lingine ambalo hukuandika: je, pamoja na vidonge hivyo unameza diklofenaki au ibuprofeni? Acha hizo leo hii, na hizo hazina shida kukatwa. Zikikutana na steroidi tumboni, hatari ya kidonda kinachovuja damu huongezeka mara kadhaa. Choo kikiwa cheusi, chenye kung'aa na kunata, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa kuhusu kuacha. Nenda kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali, na jina la dawa mkononi. Inawezekana watakuhamishia prednisoloni, dozi nzima mara moja asubuhi baada ya chakula, kwa sababu deksa hukaa mwilini zaidi ya siku nzima na haiachi tezi zako nafasi ya kuamka. Kisha dozi inashushwa. Mtu anayeanzia miligramu 20 huweza kupunguziwa nusu kidonge, yaani miligramu 2.5, kila wiki moja au mbili hadi afike 10, halafu polepole zaidi hadi 5. Chini ya 5 ndipo penye kazi: hapo hupunguzwa kwa hatua za mwezi mzima, au hupimwa kotisoli ya damu saa mbili asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo. Ratiba hii anaipanga anayekupima. Tumeitaja ili ujue kwamba miezi kadhaa ni jambo la kawaida na usikate tamaa njiani.

Jiandae pia kwa hili: kila dozi inaposhuka, viungo na misuli ya mwili mzima huweza kuuma kwa siku kadhaa, pamoja na uchovu na huzuni. Hiyo ni njaa ya dawa, hata pale goti lenyewe halijabadilika. Watu wengi hapa ndipo husema ugonjwa umerudi na kukimbilia dukani tena. Parasetamoli na subira vinatosha, ila ukitapika au kizunguzungu kikikuangusha, soma jibu linalofuata.

Mimi ni mwendesha boda. Baba yetu, miaka 63, alimeza deksa karibu mwaka mzima kwa ajili ya nyonga. Tuliposikia ni mbaya tukazitupa zote. Siku ya nne akaanza kutapika, tumbo likamuuma, akalegea, akazimia. Kliniki moja ilisema malaria ingawa kipimo hakikuonyesha. Hospitali walimpa maji na sindano, akazinduka. Tulikosea wapi? — Arua

Ndugu yetu, nia yenu ilikuwa njema na wengi hufanya hivyo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali, inayotoa kotisoli. Ubongo ukiona steroidi imejaa kwenye damu huacha kuiagiza tezi, na tezi isiyoagizwa kwa miezi hunywea. Mlipotupa vidonge, baba alibaki hana ya dukani wala ya mwilini. Bila kotisoli presha haishiki, sukari inashuka, tumbo linauma, mtu anatapika na kuzimia. Hali hii inaua, na kwa kuwa inafanana na malaria au sumu ya chakula, hukosewa mara nyingi.

Tiba yake ni haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa au kwenye msuli, papo hapo bila kungoja majibu ya maabara, pamoja na maji ya chumvi ya mshipani, kwa mtu mzima lita moja katika saa ya kwanza, na glukosi kama sukari iko chini. Anayempeleka mgonjwa wa namna hii aseme mlangoni: "Alikuwa anameza deksa mwaka mzima na ameacha juzi." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kipimo chochote atakachofanyiwa asubuhi ile.

Baba sasa atarudishiwa dozi ndogo na kushushwa taratibu. Tezi zinaweza kuchukua miezi mingi kuamka, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na katika kipindi chote hicho mwili wake hauwezi kujiongezea kotisoli anapougua. Kwa hiyo akipata homa, iwe malaria au nimonia, dozi yake ya siku huongezwa mara mbili hadi apone, kwa maelekezo ya daktari wake. Akitapika na kidonge hakikai, anahitaji sindano. Akipangiwa upasuaji, hata wa jino, mtoa nusu kaputi ajue. Muandikieni karatasi yenye jina la dawa, dozi na tarehe, ikae pamoja na kitambulisho chake.

Kuhusu nyonga yenyewe: kama maumivu yako kwenye kinena na yanazidi anapozungusha mguu kwa ndani, mwombeni picha. Steroidi huweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa na kuporomoka. Picha ya kawaida ya eksirei mwanzoni huweza kuonekana safi, kwa hiyo maumivu yakiendelea arudi baada ya wiki chache. Wengi wanaofikia hapo huhitaji nyonga ya bandia.

Mimi sitaki kemikali. Natumia dawa ya asili ya chupa inayouzwa hapa mpakani, nusu kikombe mara mbili kwa siku. Maumivu ya viungo yaliisha kabla jua halijazama. Hii ni salama, sivyo? — Busia

Kasi hiyo ndiyo inayotutisha. Mimea ipo inayopunguza maumivu, lakini hufanya kazi pole pole na kwa kiasi. Dawa ya chupa inayofuta uvimbe wa viungo kwa siku moja, ikaleta njaa kubwa na usingizi kupotea, ina uwezekano mkubwa wa kuwa imetiwa deksa au prednisoloni iliyosagwa, wakati mwingine na diklofenaki juu yake. Udanganyifu huu umekutwa na maabara za nchi nyingi, Afrika, Asia na Ulaya. Hatusemi kila mganga wa mitishamba anafanya hivyo. Tunasema macho, pua na ulimi haviwezi kukuambia.

Chupa ni mbaya kuliko kidonge kwa sababu moja: haina kipimo. Ya wiki hii huenda ina miligramu 2, ya wiki ijayo 6, na muuzaji akihama mji unajikuta umekatiwa ghafla kama mzee wa Arua. Ishara za kuangalia ni uso kujaa, michubuko isiyo na sababu, mistari mipana ya rangi ya zambarau tumboni au mapajani, na maumivu kurudi kwa nguvu siku mbili tatu baada ya chupa kuisha.

Maambukizi nayo hujificha. Steroidi huamsha kifua kikuu kilicholala na wakati huohuo hupunguza homa ambayo ingekuonya. Minyoo ya strongiloidi, ambayo huingia kwa nyayo za mtu anayelima pekupeku, huweza kuishi kimya tumboni miaka mingi, kisha kinga ikishushwa ikazaana na kutawanyika hadi kwenye mapafu. Ukikohoa wiki mbili, ukitoka jasho la usiku au kupungua uzito, peleka makohozi yapimwe.

Kama umeitumia chini ya wiki tatu, iache. Kama ni zaidi, beba chupa na kibandiko chake, hata ikiwa imebaki matone, uende nayo hospitali, useme unashuku steroidi. Kipimo cha kotisoli ya asubuhi husaidia: ikiwa chini sana kwa mtu anayedai hamezi chochote, tezi zake zimezimwa na kitu. Lakini prednisoloni huweza kukidanganya kipimo hicho na kukifanya kisome juu, kwa hiyo jibu zuri si hakikisho. Mwambie pia mhudumu aripoti kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, NDA, ambayo ndiyo yenye jukumu la kufuatilia dawa za asili zinazouzwa nchini.

Nina duka la dawa. Wateja wanaitaja deksa kwa jina. Nisipouza, jirani atauza. Nifanyeje? — Jinja

Usiuze. Steroidi za kumeza ni dawa za cheti cha daktari, na leseni ya duka la dawa inakuruhusu dawa za daraja C tu, yaani zisizohitaji cheti. Tunaelewa ushindani, lakini wewe ndiye mtu wa mwisho kusimama kati ya mteja na mwaka mzima wa madhara.

Unaweza kumsaidia bila deksa. Muulize kwanza maswali manne: kiungo kimoja kimevimba na kuwa cha moto, pamoja na homa? Hawezi kabisa kukanyaga? Ni mtoto anayechechemea? Miguu imekufa ganzi au mkojo haushikiki? Jibu la ndiyo popote hapo ni kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Kiungo chenye usaha huharibika kwa siku chache, na deksa huficha homa huku bakteria wakila gegedu. Kama hakuna hayo, mpe parasetamoli ya miligramu 500, viwili kwa wakati, visizidi vinane kwa siku, au jeli ya diklofenaki ya kupaka. Ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu baada ya chakula ni kwa siku tatu hadi tano tu, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha isiyotulia au mjamzito. Na kila kibahasha kinachotoka dukani kwako kiandikwe jina la dawa, kiwango na tarehe. Laiti hilo lingefanyika kila mahali, nusu ya barua hizi zisingeandikwa.

Kuna sindano ya gotini na sindano ya makalioni. Kliniki ya hapa huchoma ya makalio kila maumivu yakizidi, karibu kila wiki. Zote ni sawa? — Kasese

Hapana, ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sindano ya ndani ya goti, kwa kawaida steroidi ya triamsinoloni au methiliprednisoloni miligramu 40, ni tiba halali. Hutolewa na mtu aliyefunzwa, ngozi ikiwa imesafishwa vizuri, baada ya kuhakikisha kiungo hakina maambukizi. Hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa. Haichomwi goti lilelile zaidi ya mara moja katika miezi mitatu, maana ikirudiwa mno gegedu yenyewe huumia. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku kadhaa. Goti likizidi kuvimba na kuwa la moto baada ya siku mbili tatu, rudi haraka: huenda bakteria wameingia na sindano.

Ya makalioni huwa ni deksa iliyochanganywa na diklofenaki, na inatapakaa mwili mzima. Deksa ya miligramu 8 ina nguvu ya vidonge zaidi ya kumi vya prednisoloni ya miligramu 5 kwa mkupuo mmoja. Kila wiki, ndugu, hiyo ni njia ileile ya mama wa Bombo, ila hauoni kidonge. Sindano ikichomwa vibaya makalioni huweza pia kugonga neva kubwa ya mguu na kuacha unyayo unaoburuta. Uliza jina la kila kilichomo ndani ya bomba kabla ya kuchomwa. Ni haki yako.

Mtu anayetumia ARV za mstari wa pili zenye ritonavir, kama lopinavir au atazanavir, alitaje hilo kabla ya sindano yoyote ya steroidi. Ritonavir huzuia ini kuivunja triamsinoloni, na sindano moja ya goti huweza kujaza uso na kuzima tezi kwa miezi.

Mimi ni mama wa miaka 34, kambi ya Nakivale. Mikono yote miwili inavimba, asubuhi vidole havikunjiki mpaka saa nne. Hospitali waliniandikia methotreksati na prednisoloni 5. Majirani wanasema prednisoloni ni sumu. Niitupe?

Dada, usiitupe. Ukakamavu wa zaidi ya saa moja kila asubuhi, mikono yote miwili, ni sura ya baridi yabisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Hapa prednisoloni ina kazi yake: kukuwezesha kukunja ngumi wakati methotreksati, ambayo ndiyo inayozuia viungo kuharibika, ikijenga nguvu kwa wiki 6 hadi 12. Baada ya hapo daktari huishusha prednisoloni na kuiondoa, ikiwezekana ndani ya miezi mitatu. Kinachotofautisha tiba hii na ya dukani ni kwamba ina sababu inayojulikana, dozi ndogo na tarehe ya kumaliza.

Ila tunakuomba uangalie mara mbili hii nyingine. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile, tuseme kila Jumamosi. Anayeimeza kila siku kwa kudhani ni kama vidonge vingine huweza kufa kwa uboho kushindwa kutengeneza damu. Vidonda mdomoni ni onyo la kwanza. Asidi ya foliki ya miligramu 5 humezwa siku nyingine, si siku ya methotreksati. Usishike mimba ukiitumia, na pombe iache. Damu na ini vipimwe kila baada ya wiki chache mwanzoni.

Kabla ya steroidi ya muda mrefu unapaswa kuulizwa kuhusu kifua kikuu. Kama bado, uliza wewe. Kwa mifupa, kula mukene, yaani dagaa, na mifupa yake, maziwa ukiyapata, na dodo, yaani mchicha. Na ukija kuandikiwa dozi ya miligramu 20 au zaidi kwa wiki mbili na kuendelea, usipokee chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, bila kumuuliza daktari. Rufaa ikihitajika, Hospitali ya Mulago, Kampala, ina kliniki ya magonjwa ya viungo.

Kidole gumba cha mguu huvimba usiku baada ya nyama na bia. Deksa siku mbili, nimepona, hadi mwezi ujao. Kuna ubaya? — Mbarara

Kwa maelezo hayo ni jongo: fuwele za asidi ya yuriki zimejikusanya ndani ya kiungo. Tuwe wakweli, steroidi ni mojawapo ya tiba zinazokubalika za shambulio la jongo, mara nyingi prednisoloni miligramu 30 hadi 35 asubuhi kwa siku tano, na dozi fupi kama hiyo hukatwa bila kushushwa. Ubaya uko kwenye "hadi mwezi ujao". Unazima moto na kuacha kuni. Asidi ya yuriki inaendelea kujaa kwenye viungo na figo, mashambulio yanakaribiana, na siku mbili zinakuwa kumi.

Nenda upimwe yuriki na kreatinini, kipimo cha figo, wakati huna shambulio, maana katikati ya shambulio kiwango huweza kusoma sawa. Ikithibitika na mashambulio ni ya mara kwa mara, allopurinoli huanzishwa kwa miligramu 100 kwa siku au chini, ikipandishwa polepole hadi yuriki ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Ni dawa ya miaka, na haiachwi shambulio likitokea. Bia na waragi vipunguze kweli. Mukene tuliousifu kwa dada wa Nakivale, kwako wewe uwe kidogo.

Mwanangu wa miaka tisa ana selimundu, miguu inamuuma. Jirani kanishauri deksa. — Lira

Usimpe, mama. Kwa mwenye selimundu, steroidi hutuliza kisha maumivu huweza kurudi kwa ukali zaidi zinapokatwa, na mfupa wa nyonga ambao tayari uko hatarini hukaribia kufa. Huzuia pia urefu. Maji mengi, parasetamoli kwa uzito wake, na kliniki ya selimundu, ambako utauliza kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulio ya maumivu. Akiwa na homa, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, ni hospitali usiku huohuo.

Mmesema usimeze hiki, usichome kile. Mimi ni mkulima wa miaka 58 na goti linauma. Nifanye nini sasa? — Tororo

Swali la haki. Kwa goti lililochakaa, kinachosaidia zaidi ni paja lenye nguvu. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu mmoja hadi uwe sawa, uhesabu hadi tano, ushushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki mbili za kwanza utahisi misuli inauma, ni sawa. Goti likivimba punguza idadi. Baada ya wiki mbili funga kwenye kifundo mfuko wenye mchanga wa nusu kilo, kisha kilo nzima. Fanya wiki sita hadi nane kabla ya kusema haifai.

Uzito una hesabu yake: kila kilo inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo beba mbili za lita 10, moja kila mkono, au tumia baiskeli. Palilia ukiwa umekaa kigodani badala ya kuchuchumaa. Chooni weka kiti kilichotobolewa juu ya shimo, fundi seremala yeyote atakitengeneza. Jeli ya diklofenaki hupakwa mara tatu au nne kwa siku juu ya goti lenyewe, na ni salama zaidi kwa tumbo kuliko kidonge, ila usichukue kwa makosa krimu ya betamethasoni, ambayo nayo ni steroidi na hufanya ngozi kuwa nyembamba bila kufika kwenye kiungo.

Fimbo ishikwe mkono wa upande mwingine: goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu unaouma. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na viatu ulivyozoea, mkono ukining'inia.